Ndege Ikifutwa au Ukiachwa Njiani: Abiria wa Pwani Ajue Haki Zake

Kila msimu wa likizo, na kila Ramadhani ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Ndege imefutwa, wanatuambia tungoje. Tufanye nini?" Mimi si wakili. Ni mtu ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiwasaidia jamaa na majirani kuandika barua za madai kwa mashirika ya ndege. Barua nyingine zimejibiwa kwa pesa, nyingine kwa maneno matamu, na nyingine hazikujibiwa kabisa.

Katika shughuli hiyo nimeona kuwa abiria wetu wengi hupoteza haki zao mahali pawili. Pa kwanza ni siku ya kununua tiketi, anaponunua safari vipandevipande bila kujua maana yake. Pa pili ni kwenye kaunta, anapoondoka mikono mitupu, hana karatasi wala risiti, kisha anakuja kudai baada ya miezi. Sheria ipo, na kwa safari nyingi ina nguvu kuliko tunavyodhani. Lakini humsaidia aliyejipanga.

Makala haya nimeyapanga kwa hatua, ili msomaji ayaweke na kuyarudia siku ya haja.

Tiketi yako ni safari moja au mbili?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote.

Anayetoka Lamu, Malindi au Ukunda kwenda ng'ambo hupitia Nairobi. Hata mtu wa Mombasa, ijapokuwa uwanja wa Moi hupokea ndege za nje, mara nyingi huunganisha Nairobi au nchi nyingine kabla ya kufika aendako. Kuna njia mbili za kununua safari kama hiyo.

Njia ya kwanza ni tiketi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Safari yote, hata ikiwa na ndege mbili au tatu za mashirika tofauti, iko chini ya nambari moja ya buking, ile yenye herufi na tarakimu sita. Hapo mkataba wako ni kukufikisha mwisho wa safari. Ndege ya Mombasa ikichelewa ukaachwa na ile ya Nairobi, ni wajibu wa shirika kukutafutia nyingine, wala hutakiwi kununua tiketi mpya.

Njia ya pili ni kununua vipande: Mombasa hadi Nairobi kwa shirika moja, kisha Nairobi hadi Muscat, Jeddah au London kwa jingine. Mara nyingi hutoka kwa bei nafuu, ndiyo maana tunaipenda. Lakini hapo una mikataba miwili isiyojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili litakuandika kuwa abiria asiyetokea. Tiketi yako inaweza kufa pale pale, pamoja na ile ya kurudi.

Namkumbuka kijana mmoja aliyepata kazi Ghuba, familia ikachangishana nauli. Vipande viwili, na baina yake saa tatu tu. Ndege ya asubuhi kutoka Mombasa ikachelewa kwa saa mbili na nusu. Alipofika kaunta ya pili, ilikuwa imefungwa. Shirika la kwanza lilimwambia, "Sisi tulikuuzia Nairobi, na Nairobi tumekufikisha." La pili likamwambia, "Sisi tulikusubiri, hukuja." Alinunua tiketi nyingine kwa mkopo.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, muulize wakala maswali matatu. Je, nambari ya buking ni moja kwa safari yote? Begi langu nitalichukua wapi? Nikichelewa Nairobi, nani atanipa ndege nyingine bila malipo? Ukisikia kuwa utatoa begi Nairobi na kulikabidhi upya, uliza vizuri, kwani huenda unauziwa vipande. Akusomee majibu kutoka kwenye tiketi, na akutumie kwa maandishi, hata kwa WhatsApp.

Na ikiwa huna budi kununua vipande, jipe nafasi. Kumbuka kuwa ndege nyingi kutoka Lamu na Ukunda hutua Wilson, na kutoka Wilson hadi Jomo Kenyatta ni mwendo wa barabara wenye msongamano wake. Hata ndani ya Jomo Kenyatta kwenyewe, ndege za ndani na za nje hutumia majengo tofauti. Kwa safari ya kazi, matibabu au Umra, kulala Nairobi usiku mmoja ni gharama ndogo kuliko tiketi mpya.

Mtego wa kupanda SGR

Hili nalitenga peke yake kwa sababu limewaumiza wengi. Una tiketi moja ya Mombasa, Nairobi, kisha ng'ambo. Asubuhi ndege ya Mombasa inafutwa. Unajiambia, "Si neno, nitapanda SGR, nitaiwahi ile ya usiku."

Usifanye hivyo kabla ya kuzungumza na shirika. Kanuni ya mashirika mengi ni kuwa vipande vya tiketi hutumiwa kwa mpangilio. Usipoonekana kwenye ndege ya kwanza, mfumo unaweza kufuta zilizobaki zote. Waambie waandike kwenye buking yako kuwa safari ya kwanza waliifuta wao na kuwa utajiunga Nairobi. Uthibitisho uupate kwa barua pepe au ujumbe wa simu. Ukishaupata, panda treni, na risiti ya tiketi ya treni uiweke.

Safari za kimataifa: Mkataba wa Montreal

Sheria kuu ya safari za nje ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kufanya kazi mwaka 2003. Kenya ni mwanachama, na wanachama wengine ni Tanzania, Falme za Kiarabu, Qatar, Saudi Arabia, Oman, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya. Kwa mujibu wa Kifungu cha 2(6) cha Katiba yetu, mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kwa hivyo usikubali kuambiwa kuwa hayo ni mambo ya Wazungu.

Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinasema shirika linawajibika kwa hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa likithibitisha kuwa lilichukua hatua zote zinazofaa kuzuia hasara hiyo, au kuwa hatua hizo hazikuwezekana. Angalia mzigo wa kuthibitisha ulipowekwa: ni juu ya shirika. Wewe unathibitisha hasara yako. Wao wanathibitisha juhudi zao.

Kiwango cha juu kimepimwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani (IMF). Tangu tarehe 28 Desemba 2024, dari ya hasara ya kuchelewa ni SDR 6,303 kwa kila abiria, ambazo ni zaidi ya dola 8,000, au zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Hapa watu wengi hukosea. Hiyo ni dari tu; hakuna anayekuhesabia pesa hizo kwa sababu umechelewa. Utalipwa hasara uliyoipata na unayoweza kuionyesha: hoteli, chakula, teksi, tiketi uliyolazimika kununua, siku za kazi ulizokatwa mshahara. Uchungu wa moyo peke yake kwa kawaida haulipwi.

Mkataba huu unazungumza juu ya kuchelewa, na haukuweka kanuni za safari iliyofutwa. Ukipewa ndege nyingine ukafika baada ya siku mbili, hasara yako hudaiwa kama ya kuchelewa. Wakikataa kukusafirisha kabisa, unadai kwa msingi wa kuvunjwa kwa mkataba wa tiketi yako.

Liko jambo moja ambalo hata baadhi ya mawakala hawalijui. Ukiwa na tiketi moja ya Mombasa hadi Dubai kupitia Nairobi, kipande cha Mombasa hadi Nairobi nacho huhesabiwa kuwa sehemu ya safari ya kimataifa. Ndege ikifutwa uwanja wa Moi, Mkataba wa Montreal unakulinda hapo hapo, kabla hujatoka Pwani. Aliyenunua vipande hana kinga hiyo kwa kipande cha ndani. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda tiketi moja.

Na ikiwa ulinunua kwa shirika moja lakini ndege ikawa ya shirika jingine, kama inavyotokea mashirika yanapouziana viti, una haki ya kumdai yeyote kati yao wawili, au wote pamoja. Wasikurushe kama mpira.

Kutoka Ulaya na Uingereza

Ndugu zetu walioko Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na kwingineko wana kinga kubwa zaidi wanapokuja nyumbani. Umoja wa Ulaya una Kanuni nambari 261 ya mwaka 2004, nayo Uingereza ina nakala yake baada ya kutoka katika umoja huo.

Kanuni hiyo hushika safari yoyote inayoanzia uwanja wa nchi ya Umoja wa Ulaya, shirika liwe la wapi. Kwa safari inayokwenda Ulaya kutoka nje, hushika tu kama ndege ni ya shirika la Ulaya. Kwa hivyo anayetoka Frankfurt kuja Mombasa kupitia Addis Ababa, kwa tiketi moja, amelindwa. Akirudi Frankfurt kwa shirika lile lile la Kiafrika au la Kiarabu, hana kinga hiyo, bali atategemea Montreal.

Malipo yake yamepangwa kwa umbali. Safari isiyozidi kilomita 1,500 ni yuro 250; kutoka hapo hadi kilomita 3,500 ni yuro 400; kupita hapo, kama ilivyo kutoka Ulaya kuja Kenya, ni yuro 600. Uingereza ni pauni 220, 350 na 520. Hulipwa safari ikifutwa bila taarifa ya siku 14 au zaidi, ijapokuwa wakikupa ndege nyingine yenye saa za karibu na zile za kwanza, haki hii inaweza kuondoka. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2009 kuwa anayefika akiwa amechelewa saa 3 au zaidi naye anastahili. Kwa safari ndefu, anayefika akiwa amechelewa zaidi ya saa 3 lakini chini ya saa 4 anaweza kupewa nusu.

Na aliyeachwa na ndege ya kuunganisha je? Kinachotazamwa ni saa uliyofika mwisho wa safari. Mwaka 2018 mahakama hiyo iliamua kesi ya abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca. Tatizo lilitokea Casablanca, nje ya Ulaya, lakini kwa kuwa tiketi ilikuwa moja, safari yote ikahesabiwa kuwa imeanzia Ulaya. Hiyo ndiyo hali ya ndugu zetu wanaounganisha Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. Tatizo likitokea katika viwanja hivyo, wasidhani kuwa haki imebaki nyuma.

Fidia hii haihitaji risiti ya hasara. Mtoto mwenye kiti aliyelipiwa nauli naye ana fungu lake. Familia ya watu watano iliyofika Mombasa ikiwa imechelewa saa 6 kwa kosa la shirika inazungumzia yuro 3,000.

Anayetoka Saudi Arabia

Kwa wanaokwenda Hija na Umra, mamlaka ya usafiri wa anga ya Saudi Arabia, GACA, ilianza kutumia kanuni mpya za haki za abiria mwezi Novemba 2023. Zinahusu kuchelewa, kufutwa kwa safari, kunyimwa kiti na mizigo. Ukikwama Jeddah au Madina, usiwe na haya kuitaja GACA mbele ya kaunta na kupeleka lalama kwao.

Lakini wengi wa watu wetu huenda kwa kikundi, na tiketi hushikwa na kiongozi wa msafara. Kila abiria adai nakala yake ya tiketi kabla ya kuondoka. Mkataba wa kusafirishwa ni wako. Mzee asiye na hata nambari ya buking hawezi kusaidiwa na mtu yeyote kikundi kikitawanyika uwanjani.

Safari za ndani ya Kenya

Mombasa hadi Nairobi, Lamu hadi Nairobi, Ukunda hadi Wilson, ikiwa ni tiketi ya peke yake, si safari ya kimataifa. Usiende kaunta ukadai yuro 600, utachekwa bure.

Huku unasimama juu ya mambo matatu. La kwanza ni masharti ya tiketi yenyewe, yale maandishi madogo tusiyoyasoma. Humo huandikwa shirika litafanya nini likifuta safari: kukupa ndege nyingine, kukurudishia nauli, au vyote viwili kwa chaguo lako. La pili ni Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji wa huduma haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, kupewa maelezo ya kutosha, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na huduma mbovu. La tatu ni Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inayotafsiri haki hizo.

Kwa maneno mepesi: wakifuta safari yako na wewe huitaki tena, dai nauli yako yote, ikiwemo kodi na ada. Maandishi ya "tiketi hii hairudishwi" yanamhusu abiria aliyebadilisha nia. Shirika lililofuta safari lenyewe lisijifiche nyuma yake.

"Hali ya hewa," "hitilafu," "mgomo"

Hizi ndizo sababu tatu tunazozisikia. Tusizikubali wala kuzikataa kwa jumla.

Mvua kubwa, ukungu, majivu ya volkeno na kufungwa kwa anga ni mambo yaliyo nje ya uwezo wa shirika. Mwezi Aprili 2024 mvua iliufurisha uwanja wa Dubai, na watu wetu wengi wakakwama. Mwezi Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa muda kwa sababu ya vita. Katika hali kama hizo fidia ya pesa huondoka.

Hata hivyo, haki ya kutunzwa haiondoki kwa anayelindwa na kanuni ya Ulaya. Chakula, hoteli na usafiri wa kwenda hotelini hubaki juu ya shirika. Hata majivu ya volkeno ya Iceland ya mwaka 2010, yaliyofunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa, hayakuyaondolea mashirika wajibu huo. Mahakama iliamua hivyo mwaka 2013.

Hitilafu ya mitambo ni jambo jingine. Kwa sheria ya Ulaya, hitilafu ya kawaida ni sehemu ya biashara ya ndege na haiondoi fidia. Mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe nao, kwa maamuzi ya miaka ya karibuni, kwa kawaida hauwi kisingizio. Mgomo wa watu wasio wa shirika, kama waongoza ndege, huwa kisingizio.

Chini ya Montreal swali ni lile lile la hatua zote zinazofaa. Mvua ikinyesha asubuhi, na ndege zikaanza kuruka saa sita mchana, kwa nini wewe ulisafirishwa baada ya siku mbili? Mvua ya asubuhi haielezi siku mbili. Uliza swali hilo kwa maandishi.

Ukiwa kwenye kaunta

Usiondoke uwanjani bila kufanya haya:

1. Piga picha ya skrini ya ndege ikionyesha kuwa safari imefutwa au imechelewa, na saa zake.

2. Omba sababu kwa maandishi. Wakikataa, wewe ndiye uwaandikie barua pepe pale pale: "Leo saa kumi jioni mmeniambia kuwa safari imefutwa kwa sababu ya hitilafu." Hiyo ni kumbukumbu yenye tarehe na saa.

3. Omba chakula, maji, na hoteli kama utalala. Ukikataliwa, jilipie kwa kiasi cha kawaida na uchukue risiti. Hoteli ya anasa itakataliwa, ile ya wastani itatetewa. Ujumbe wa M-Pesa nao ni ushahidi, usiufute.

4. Usikubali voucha au kutia saini karatasi usiyoielewa. Voucha yaweza kuwa na muda wa kuisha na masharti yake, na saini yako yaweza kusomwa kuwa umeridhika. Ikiwa unataka pesa, sema pesa.

5. Weka pasi ya kupandia ndege na kibandiko cha begi. Usivitupe hata baada ya kufika nyumbani.

6. Mkumbushe aliye kaunta juu ya visa inayokwisha, miadi ya hospitali, au siku ya kuripoti kazini, na umwandikie. Hasara iliyotajwa mapema ni ngumu kwao kuikana baadaye.

Na tuseme kwa adabu. Yule binti wa kaunta hakuifuta ndege yeye. Nimeona mara nyingi kuwa anayezungumza kwa upole huku ameshika karatasi zake hupata kiti kabla ya anayepiga kelele.

Begi lisipofika

Ripoti kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo, upewe karatasi yenye nambari ya kumbukumbu. Chini ya Montreal, begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Begi lililochelewa ni ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likipita siku 21 halijafika, unaweza kulihesabu kuwa limepotea. Dari ya malipo ni SDR 1,519 kwa abiria, karibu robo milioni ya shilingi, na hapa pia hasara ionyeshwe. Dhahabu ya harusi, dawa za mgonjwa na hati za nyumba zisiwekwe kwenye begi la chini. Zishike mkononi.

Jinsi ya kudai

Andika kwa shirika kwanza, kwa barua pepe, ili tarehe ibaki. Mfano ninaoutumia ni huu:

"Nilikuwa abiria mwenye nambari ya buking ____, safari nambari ____ ya tarehe ____, kutoka Mombasa kwenda ____. Safari hiyo ilifutwa / ilichelewa, nami nikafika mwisho wa safari yangu tarehe ____ saa ____. Nimepata hasara ifuatayo: hoteli ____, chakula ____, usafiri ____, tiketi mpya ____. Risiti nimeambatisha. Kwa mujibu wa Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Montreal wa 1999, naomba nilipwe jumla ya ____ ndani ya siku 30. Mkikataa, nielezeni kwa maandishi hatua mlizochukua kuzuia hasara hii."

Aliyetoka Ulaya au Uingereza aitaje Kanuni 261 badala ya Kifungu cha 19, na aandike kiasi cha fidia kinachomhusu. Ulinunua kwa wakala? Mpe nakala, lakini barua iende kwa shirika. Pesa zikirudishwa kupitia kwa wakala, dai tarehe na kiasi alichorudishiwa.

Siku 30 zikipita kimya, peleka lalama kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya (KCAA), ukiambatisha barua yako ya kwanza. Hatua inayofuata ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Sheria inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60. Mombasa tunayo mahakama hiyo.

Je, shirika la nje laweza kushtakiwa hapa? Montreal inaruhusu kesi kufunguliwa mahali safari inapoishia. Kwa tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Mombasa, mwisho wa safari kisheria ni Mombasa. Vilevile inaruhusu mahali penye ofisi ya shirika iliyokuuzia tiketi. Lakini uangalie muda: kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2 tangu ulipofika, au siku ndege ilipopaswa kufika. Ahadi za "tunalishughulikia" hazisimamishi saa hiyo. Kwa madai ya Kanuni 261 nchini Uingereza na Wales muda ni miaka 6. Nchi za Ulaya kila moja ina muda wake.

Subira na haki

Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwa subira, na ni malezi mema. Ndege iliyoahirishwa yaweza kuwa kheri, hakuna ajuaye. Ila kusubiri ndege na kusamehe deni ni mambo mawili. Aliyeuza kiti kwa shilingi elfu themanini ametia saini mkataba, na mkataba hutimizwa au hulipwa.

Mashirika yanajua hesabu. Kwa kila abiria mia walioachwa uwanjani, wachache ndio huandika. Hao wachache ndio hulipwa, na waliobaki ndio hugharamia ukimya wao wenyewe. Mama mmoja wa Mji wa Kale niliyemwandikia barua alilipwa hoteli na tiketi mpya ya wanawe wawili baada ya miezi mitano na barua nne. Hakuwa na wakili wala mtu wa kumpigia simu huko juu. Alikuwa na bahasha ya risiti na picha ya skrini ya uwanja wa ndege.

Mpelekee makala haya anayesafiri mwezi huu, hasa yule anayenunua tiketi leo kwa sababu vipande viwili vimekuwa rahisi.